Masika ya Kesi ya Asali

Tarehe 3 Machi

Dada mwendesha mashtaka kaniambia, "Mama Kibonge, ulichokiona usikisahau hata kidogo. Kesi hizi zinachukua muda, na wewe ndiye shahidi ninayemtegemea." Mimi huyu ninayesahau chumvi kwenye mboga! Basi nimechukua daftari, naandika. Shule niliishia la saba na mwandiko wangu unapanda mlima, lakini nikisoma mwenyewe najielewa.

Siku ile tulitoka nyumbani alfajiri, mimi, mume wangu na Kibonge mgongoni. Baba Kibonge ni fundi rangi, alikuwa anaenda kupaka nyumba ya mwalimu mmoja. Mimi nilikuwa naenda kazini, nafua na kupiga pasi kwa dobi. Yeye alibeba ndoo, brashi na kopo la thina, ile ya kulainishia rangi. Tulitembea pembeni kabisa ya barabara. Mbeleko ikalegea, nikasimama niikaze, yeye akatangulia. Ndiyo maana mimi na mtoto tuko wazima. Gari likaja kwenye kona, likaacha lami, likamzoa.

Dereva alikuwa peke yake. Alishuka akashikilia mlango asianguke, halafu akaanguka hivyo hivyo, akaja kwa magoti. Alinuka pombe mpaka Kibonge akageuza uso. Akamshika mume wangu mkono, "Kaka usife. Kaka, tafadhali, usife." Sauti niliitambua kabla ya sura. Nani haijui? Ni yule mwimbaji wanayemwita Asali.

Kabla ya askari kufika, watu wake walikuja na gari lingine wakamchukua. Walipomleta kupimwa alikuwa ameshalala, ameoga, amekunywa chai. Askari alipofika alimkuta mume wangu mtaroni, kopo la thina limempasukia kifuani. Akainama, akanusa, akasema, "Na huyu naye kalewa." Nilikuwa nalia, sikumjibu. Neno lile ndilo linalotutesa mpaka leo. Wakili wa Asali amelishika kama kupe: mteja wake alikuwa mzima, mlevi ni fundi rangi, ndiye aliyejiangusha barabarani. Na mtaa wote umelimeza.

Zamani alikuwa anakunywa, sikatai. Aliacha Kibonge alipozaliwa. Mguu wake uliovunjika daktari kasema utapona. Lakini jina lake, atakayelisafisha ni mimi, kwa sababu yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Anakumbuka taa tu.

Tarehe 5 Machi

Mvua imeanza. Kazini nguo hazikauki, bosi ananuna kama mimi ndiye ninayeinyesha.

Tarehe 11 Machi

Leo nimeingia mahakamani mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilivaa gauni la harusi ya shemeji, nikalipiga pasi, karibu nimpige na Kibonge. Nje wasichana wamejaa na simu zao wanamsubiri Asali. Aliposhuka kwenye gari walipiga kelele utafikiri ni sherehe. Miwani nyeusi, mvua yote ile. Nikasema moyoni, jitu lisilo na haya.

Nilijiandaa kusema kila kitu. Nilikuwa nimerudia njiani mpaka konda akaniuliza kama naumwa. Kumbe leo kesi ilikuwa ya kutajwa tu. Wameitaja. Wakili wa Asali akasimama akasema ana kesi nyingine mahakama nyingine, hakimu akaandika, tukaambiwa turudi mwisho wa mwezi. Nikamuuliza dada mwendesha mashtaka, "Basi?" Akasema, "Basi." Ana mafaili mpaka kidevuni, maskini, hata kunijibu vizuri hana nafasi.

Benchi la koridoni nilikaa na mama mmoja mtu mzima, mpole, mwavuli wake umepindika. Nikamwamkia. "Marahaba, binti. Huyu mbona mzito hivi, anakula matofali?" Akamchekesha Kibonge mpaka akapaliwa. Nikamwambia Kibonge hataki chupa, ni ziwa tu, ndiyo maana naenda naye kila mahali. Akasema wa kwake wa mwisho naye alikuwa hivyo hivyo. Sikumuuliza ana kesi gani. Watu wa pale hawaulizani.

Tarehe 12 Machi

Mvua. Baba Kibonge ameniuliza mara tatu wamesema nini. Hawajasema kitu, nitamwambia nini?

Tarehe 19 Machi

Jirani yetu tunamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Leo yuko bombani anawaambia wenzake, "Mwacheni mwenzenu, alimwona tajiri akajitupa. Na kileo kichwani, kwa nini asijitupe?" Baba Kibonge alikuwa dirishani, alisikia. Akavuta pazia. Tangu arudi hospitali hajatoka nje ya mlango, na nilidhani ni mguu. Si mguu.

Kilichotuchekesha ni mama mkwe. Yeye alikuwa anampenda sana Asali, anazijua nyimbo zake zote. Siku hizi wimbo ukianza anazima kwa hasira, pa! Leo amezima, akaendelea kukuna nazi, halafu tukamsikia anaumalizia wimbo mwenyewe mpaka kiitikio.

"Mama!" Baba Kibonge akamwambia.

"Nini? Wimbo haukumgonga mtu."

Tulicheka mpaka mguu ukamuuma. Siku nyingi sijamsikia akicheka.

Tarehe 27 Machi

Kibonge amelala, ndiyo naandika.

Leo ilikuwa ya kusikilizwa kweli. Hakimu yupo, wakili yupo, Asali yupo. Mashahidi tunasubiri koridoni mpaka tuitwe. Kibonge akaanza kulia, meno yanatoka. Karani akatoa kichwa mlangoni, "Mama, mtoto apunguze sauti, hakimu hasikii." Utampunguzaje mtoto sauti? Nikambembeleza, wapi. Karani akatoka tena, sasa na ukali, "Mama, nje!" Nikashuka ngazi, nikasimama chini ya baraza la bati, nikamnyonyesha. Mvua ikamwagika. Ile ya kwenye bati, hata ukipiga kelele hujisikii. Nikasema akishiba tu napanda.

Nilipopanda, watu wanatoka. Walikuwa wameniita. Jina langu liliitwa koridoni yote, na mimi niko chini nachezea nywele za mwanangu. Hakimu akaandika kwamba shahidi hayupo. Dada mwendesha mashtaka alinishika mkono akanivuta pembeni. "Ulikuwa wapi? Unajua kasema nini? Safari hii tu amekuvumilia. Ukiitwa tena usipokuwepo, anaifuta kesi."

"Nilikuwa nanyonyesha."

Akaniangalia, akaangalia Kibonge, akauachia mkono wangu. "Mama Kibonge, mimi nakuelewa. Lakini sheria haina maziwa."

Yule mama wa mwavuli alinifuata ngazini. Aliniona ninavyolia. Akanipa leso, akasema, "Mwanangu, hata mimi humo ndani sielewi kitu. Futa machozi, mtoto anakuangalia." Akatusindikiza mpaka nje na mwavuli wake uliopindika, yeye akalowa bega zima.

Nyumbani nilisema kesi imeahirishwa. Ni kweli. Kwa nini imeahirishwa, sikusema mpaka tulipomaliza kula. Baba Kibonge akauliza, "Mtoto alishiba?" Nikasema alishiba. "Basi hujakosa." Huyu ndiye mtu wanayemwita mlevi.

Tarehe 28 Machi

Mama mkwe kasema kuanzia sasa anakwenda na mimi kumshika Kibonge. "Wakikuita, unanitupia."

Tarehe 4 Aprili

Mvua haina hata aibu. Nepi tunakaushia juu ya jiko.

Tarehe 9 Aprili

Tumefika mapema na mama mkwe, tumelowa. Hakimu hayupo. Yuko semina. Mama mkwe akamuuliza karani, "Semina ya nini, baba?" Karani bila kucheka akajibu, "Ya kuharakisha kesi." Mama mkwe akakaa chini, akavua viatu, akamwaga maji. "Haya," akasema, "na asome vizuri."

Lakini si hilo lililoniuma. Tulipokuwa tunashuka ngazi, Asali naye anashuka. Yule mama wa mwavuli alikuwa mbele yetu. Asali akamshika kiwiko, "Mama, taratibu, panateleza."

Mama.

Nilisimama pale pale. Wakati wote ule tumekaa benchi moja, kanichekeshea mtoto, kanipa leso, na mimi nimemweleza habari za meno ya Kibonge! Akageuka akaniona. Leso yake ilikuwa bado kwenye mkoba wangu. Nikaitoa, nikaiweka juu ya ukuta wa ngazi, nikapita.

Tarehe 10 Aprili

Leo tumegombana. Baba Kibonge kasema, "Achana nayo. Kila ukienda unarudi umelowa na huna jibu. Waseme wanavyotaka."

Nikamwambia, "Mwanao akienda shule wakamwambia baba yako ni mlevi wa mtaroni, utamwambia na yeye aachane nayo?"

"Sauti, mama analala."

"Mama halali, anatusikiliza."

Kutoka chumbani mama mkwe akajibu, "Nasikiliza. Mke wako ana akili kuliko wewe."

Baba Kibonge amenuna mpaka jioni. Halafu akanimenyea viazi bila kuambiwa.

Tarehe 17 Aprili

Kibonge kasimama mwenyewe! Kashika gongo la kutembelea la baba yake, kasimama. Baba yake kalia. Leo sitaki kuandika habari za kesi.

Tarehe 22 Aprili

Faili halionekani. Karani katafuta mezani, chini ya meza, mpaka juu ya kabati. Mama mkwe akasema, "Faili halina miguu, baba." Karani akasema lipo, ila halionekani. Imeahirishwa mpaka mwezi wa tano.

Nilikaa benchi la mbali. Nikawa namtazama mama Asali bila yeye kujua, au alijua. Wasichana wa simu hawaji tena siku hizi, wamechoka na mvua. Asali alikuja amevaa suruali ya kawaida, viatu vina tope kama vya kila mtu, bila miwani. Ni kijana tu. Sidhani kama amenizidi umri. Mama yake alimgeuza kola ya shati, akainyoosha kwa kiganja, na yeye akasimama akitazama sakafu kama mtoto anayepelekwa shule asiyoitaka. Nilijaribu kumchukia kama ile siku ya kwanza. Nilipata chuki ya nusu.

Bado nataka kusema niliyoyaona. Lakini sasa najua kuna mtu mwingine koridoni atakayeumia nikiyasema.

Tarehe 1 Mei

Hakuna kitu. Mvua na nguo za watu.

Tarehe 5 Mei

Mama mkwe ana homa kali, tangu jana hajainuka. Kesho ni kesi. Kasema atakuja hivyo hivyo, alipojaribu kusimama akaushika ukuta. Nikamrudisha kitandani. Baba Kibonge kasema atabaki na mtoto. Ataweza nini na magongo, na huyu chupa anaitema? Nimemwambia nitaenda naye, labda kesho atalala. Atalala. Lazima alale.

Tarehe 6 Mei

Hakulala.

Dada mwendesha mashtaka alinipokea mlangoni, uso wake leo una nuru. "Hakimu yupo, faili limepatikana, wakili yupo. Mama mkwe yuko wapi?"

"Anaumwa."

"Mtoto nani anakaa naye?"

Nikamtazama Kibonge. Akaziba macho kwa faili.

Karani akatoka, "Shahidi wa kwanza!" Akataja jina langu lote. "Bila mtoto, mama." Nikatazama huku na huku. Watu nisiowajua, kila mmoja na kesi yake, wanatazama viatu vyao. Kibonge kaning'ang'ania shingo. Dada mwendesha mashtaka alikuwa ameshaingia ndani, hakimu anamsubiri.

Mama Asali akasimama kutoka benchi lake. Akaja mpaka mbele yangu. Akanyoosha mikono.

"Nipe."

"Mama," nikamwambia, "unajua naenda kusema nini humo?"

"Ndiyo nataka nikuulize kabla hujaingia. Wenzangu hawaniambii, wananipa maneno ya sheria tu." Akamshika Kibonge mguu. "Mwanangu alikuwa amelewa?"

Ningeweza kumwambia sijui. Karani ananiita mara ya pili.

"Ndiyo, mama. Sana."

Akafumba macho, akayafumbua. "Na mumeo?"

"Hapana. Ilikuwa thina ya kazi, ilimpasukia."

"Basi nenda ukaseme. Mimi wangu nilimficha mno. Akirudi hajiwezi, namvua viatu, namfunika, nawaambia watu anaumwa. Nenda, mwanangu. Nipe mtoto."

Nikampa. Kibonge alilia, nikaingia bila kugeuka. Kama ningegeuka nisingeingia.

Hakimu ni mama wa makamo, anaandika kila kitu kwa mkono. Sikujua hilo. Nilianza kumwaga yote kwa pumzi moja, kona, gari, mtaro, akainua kalamu, "Mama, polepole. Mimi si mashine." Watu wakacheka, hata mimi. Nikaanza upya. Nikawa nasema kidogo, nangoja kalamu isimame, nasema tena. Nilisema Asali alivyoshuka, alivyonuka, alivyokuja kwa magoti. Nikasema na jinsi alivyomshika mume wangu mkono na kumwambia kaka usife, maana hilo nalo lilitokea. Asali kizimbani akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

Halafu akasimama wakili wake. Mpole kama mafuta.

"Umesema gari lilitokea kushoto. Polisi ulisema kulia. Lipi ni lipi?"

Nikachanganyikiwa. Nikanyoosha mkono mmoja, nikanyoosha mwingine. "Kushoto kwangu nikiwa naenda, mheshimiwa. Polisi waliniuliza nimegeukia nilikotoka." Nikasikia watu wanaguna nyuma, nikajua nimeharibu.

"Mumeo anakunywa pombe?"

Nilikumbuka Redio na bomba lake. Nilikumbuka pazia.

"Alikuwa anakunywa."

"Aha. Kwa hiyo ni mlevi."

"Alikuwa. Ameacha." Nikamgeukia. "Mheshimiwa wakili, mtu akiacha, anaachiwa lini?"

Wakili akatazama karatasi zake. Hakimu ndiye aliyesema, "Endelea, mama. Siku ile alikuwaje?"

"Siku ile mume wangu hakuwa amelewa. Harufu aliyoisikia askari ilikuwa ya thina. Yeye ni fundi rangi, kopo lilimpasukia kifuani alipogongwa. Mimi ndiye niliyemvua shati."

"Rudia hapo. Polepole."

Nikarudia, neno moja moja, macho yangu kwenye ile kalamu. Mume wangu. Hakuwa. Amelewa. Ilikuwa inakwenda inasimama, inakwenda inasimama, mpaka ikaweka nukta.

Wakili akasema hana swali lingine. Askari na daktari watasikilizwa mwezi wa nane. Mwezi wa nane! Dada mwendesha mashtaka kaniambia hukumu sijui mwaka gani, nisijidanganye. Lakini alinishika bega akalibana.

Koridoni Kibonge alikuwa amelala kifuani kwa mama Asali, mdomo wazi, kamlowesha blauzi. "Alichoka kulia," akaninong'oneza, "nikamwimbia." Sikuuliza wimbo gani. Tukapokezana mtoto taratibu asiamke. Nilitaka kumwambia pole, nikaona neno dogo. Nikamwambia, "Asante, mama." Akanijibu, "Kamkaushe mtoto, binti," akageuka haraka.

Asali alitoka akasimama mbele yangu. Wakili akamvuta mkono wa shati. Akasema tu, "Kaka anatembea?"

"Kwa magongo."

Akatikisa kichwa, akavutwa, akaenda. Mama yake alimfuata. Hakumnyooshea kola leo. Alimshika mkono, kwa nguvu, kama unavyomshika mtoto mkivuka barabara.

Nilifika nyumbani bado mchana. Mama mkwe kainuka kidogo, kanywa uji. Baba Kibonge alikuwa amekaa kitandani, ananingoja, lakini anajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Wameahirisha?"

"Nimesema."

Akaiacha kamba. "Umesema yote?"

"Yote. Hakimu alikuwa anaandika kwa mkono."

"Na hilo la thina?"

"Kaandika."

"Una hakika? Labda alikuwa anaandika mambo yake."

"Aliniambia nirudie polepole, ili aandike. Nililirudia mpaka alipoweka nukta. Kaandika na jina lako, na la baba yako."

Akajipapasa kidevu, ndevu zimeota kama za mtu wa porini, akazivuta kidogo kama ndiyo kwanza amezigundua.

"Kesho," akasema, "nipeleke kwa kinyozi."

"Asubuhi mapema, kabla hawajajaa?"

"Hapana," akasema. "Mchana. Wakishajaa."